Terentius Katika Shule ya Wakristo: Uchaguzi wa Vitabu Kutoka Wittenberg Hadi Kwetu

Kila mara muhtasari wa masomo unapobadilishwa, swali la vitabu vya fasihi hurudi mezani. Wapo wasemao kwamba kijana apewe kwanza yale yaliyopimwa na wakati: tenzi za kale, hekaya, maandishi ya Shaaban Robert. Wapo wasemao kwamba lugha ya Pate ya karne mbili zilizopita haimfai kitu kijana wa leo, na kwamba yafaa asome riwaya na tamthiliya zinazoieleza dunia anayoishi. Wachungaji hawawezi kujitenga na ubishi huu. Wengi wao hukaa katika bodi za shule za sekondari na seminari za dayosisi, na mzazi anapokuta mkononi mwa bintiye kitabu kinachoutaja uasherati kwa jina lake, aghalabu humwendea mchungaji kabla ya kumwendea mwalimu.

Pande zote mbili husema kana kwamba jambo hili limezaliwa jana. Sivyo. Kanisa la Kilutheri lina kumbukumbu yake, nayo ni orodha ya vitabu vya shule iliyochapishwa Wittenberg mwaka 1528. Twaona kwamba orodha hiyo, ikisomwa kwa makini, haiungi mkono upande wowote kati ya hizo mbili, kwa sababu waliyoitunga walikuwa wakiuliza swali jingine. Lakini kabla ya kuifikia hatuna budi kurudi nyuma zaidi, maana watengenezaji wa Kanisa hawakuanza wao.

Mwaka 362 Kaisari Juliani, aliyelelewa katika Ukristo kisha akauacha, alitoa sheria juu ya walimu, akaifuata kwa barua. Alisema ni unafiki mtu kufundisha vitabu vya Homer na hali haiamini miungu ya Homer. Mwalimu wa namna hiyo na aende makanisani akawaeleze watu Mathayo na Luka. Ingekuwa kweli kwamba Mkristo hahitaji vitabu vya mataifa, Wakristo wangalishukuru. Hawakushukuru. Walitambua kwamba wamefungiwa mlango wa elimu. Sokrate, mwanahistoria wa Kanisa (si yule mwanafalsafa), asimulia kwamba Apolinari wawili wa Laodikia, baba na mwana, walijaribu kuziba pengo hilo: baba akazitia habari za Musa katika mashairi ya kishujaa, na mwana akaigeuza Injili kuwa mazungumzo kwa mtindo wa Plato. Mwaka uliofuata Juliani alikufa vitani, na sheria yake ikafa. Sokrate aongeza kwamba kazi ya hao wawili ikawa kana kwamba haikuandikwa kamwe. Vijana wa Kikristo walirudi kwa Homer.

Kwa upande wa Kilatini jambo lilikuwa gumu zaidi, na hapo ndipo anapoingia Terentius. Huyu alikuwa mtunzi wa tamthiliya za kuchekesha katika karne ya 2 kabla ya Kristo. Jina lake la tatu lilikuwa Afer, yaani Mwafrika. Yasemekana alizaliwa Karthago akapelekwa Roma akiwa mtumwa. Alituacha tamthiliya 6, na Kilatini chake kilikuwa safi hata shule za Roma zikakifanya kuwa kielelezo. Mambo anayoyaonyesha, hata hivyo, si ya madhabahuni: vijana wanaowadanganya baba zao, watumwa wenye hila, makahaba, mimba zisizotarajiwa. Mwafrika mwingine, Augustino wa Hippo, alimsoma akiwa mvulana, na katika Maungamo yake anamlalamikia. Anataja mahali ambapo kijana mmoja anatazama picha ya Jupita akimwendea mwanamke kwa hila, kisha anajipa moyo: ikiwa mungu alifanya hivyo, mimi ni nani nisifanye? Kwa Augustino, si kweli kwamba uchafu ule humsaidia mtoto kujifunza maneno. Ni maneno yale yanayomsaidia kuutenda uchafu kwa ujasiri. Wakati uo huo anakiri kwamba alijifunza hayo kwa furaha na kusifiwa kwa akili zake. Na ni yeye yule aliyefundisha baadaye kwamba Wakristo waweza kuchukua hekima ya mataifa kama Waisraeli walivyochukua dhahabu ya Misri. Wanaopiga vita riwaya mashuleni humtaja Augustino wa Maungamo; wanaozitetea humtaja Augustino wa dhahabu ya Misri. Wote wawili ni mtu mmoja.

Tuje sasa kwa Luther. Alipoingia nyumba ya watawa huko Erfurt mwaka 1505 aliviacha vitabu vyake vyote isipokuwa viwili, Plautus na Vergilius, mchekeshaji na mshairi. Siku mbili kabla ya kufa, katika Februari 1546, aliandika kwenye kikaratasi kwamba hakuna awezaye kumwelewa Vergilius katika mashairi yake ya wachungaji wa mifugo na ya wakulima asipokuwa amefanya kazi hizo miaka 5, wala kuzielewa barua za Cicero asipokuwa ameshughulika na utawala miaka 20. Na Maandiko Matakatifu yadai miaka 100 ya kuliongoza Kanisa pamoja na manabii. Tunaikumbuka karatasi hiyo kwa sababu ya maneno yake ya mwisho juu ya sisi kuwa ombaomba, na twasahau kwamba inaanza na washairi. Kati ya ncha hizo mbili za maisha yake kuna waraka wa mwaka 1524 kwa madiwani wa miji yote ya Ujerumani, anaposikitika kwamba alipokuwa kijana alishindiliwa vitabu vya wanafalsafa wa shule badala ya kusomeshwa mashairi na historia kwa wingi.

Mwaka 1527 ulianza ukaguzi wa sharika za Saksonia. Wakaguzi walikuta hali ya kusikitisha: wachungaji wasiojua cha kuhubiri, na shule zilizosambaratika kwa sababu wazazi waliona kwamba, maadamu utawa umekwisha, mtoto hana haja ya kusoma. Matokeo ya ukaguzi huo yalikuwa kitabu kilichotolewa mwaka 1528, Mafundisho kwa Wakaguzi, kilichoandikwa na Philipp Melanchthon na kutanguliwa na dibaji ya Luther. Sehemu yake ya mwisho yahusu shule. Watoto wagawanywe katika makundi matatu. Kundi la kwanza wajifunze kusoma kwa kitabu cha alfabeti chenye Sala ya Bwana na Imani, kisha sarufi ya Donatus na misemo ya Cato. Kundi la pili, baada ya muziki ambao ni wa watoto wote, wasome mchana hekaya za Aesop. Baadaye waelezwe mazungumzo ya Mosellanus, na yakiisha hayo wachaguliwe sehemu zinazofaa katika Mazungumzo ya Erasmus. Wakimaliza Aesop wapewe Terentius, nao wamkariri kwa moyo. Kisha tamthiliya za Plautus zilizo safi. Kundi la tatu wapewe Vergilius, halafu Ovidius, na Cicero. Siku moja katika juma, Jumatano au Jumamosi, itengwe kwa mafundisho ya Kikristo.

Aliyezoea ubishi wetu wa leo atauliza: je, hiyo ni orodha ya kale au ya kisasa? Aesop, Terentius na Vergilius ni wa kale sana. Lakini Mosellanus, mwalimu wa Leipzig, alikuwa amekufa miaka minne tu kabla, na mazungumzo yake, yaliyotoka mwaka 1518, yaliwahusu wanafunzi wa mji ule ule, maisha yao ya bwenini na mitihani. Na Erasmus alikuwa hai. Si hai tu: alikuwa akiendelea kuongeza mazungumzo mapya katika kila toleo, naye alikuwa mpinzani mkubwa wa Luther, maana mwaka 1524 aliandika juu ya uhuru wa utashi, na Luther akamjibu kwa ukali Desemba 1525. Chuo Kikuu cha Paris nacho kilikuwa kimeyashutumu Mazungumzo hayo mwaka 1526. Ndani yake mlikuwa na kejeli juu ya mahujaji na watawa, na hata mazungumzo ya kijana na kahaba. Pamoja na hayo yote Melanchthon aliyaweka mezani pa watoto wa Saksonia, akisema tu kwamba zichaguliwe sehemu zenye adabu na manufaa.

Luther hakufurahi. Katika mazungumzo ya mezani yaliyoandikwa na wageni wake, asema kwamba atakapokuwa anakufa atawakataza wanawe kuyasoma Mazungumzo ya Erasmus. Basi mtu mmoja alitia dibaji kwenye kitabu kilichoyaagiza kwa watoto wa nchi nzima, na mtu yule yule akasema angeyazuia nyumbani kwake. Wengine wataona hapo kigeugeu. Sisi twaona kwamba Luther alitofautisha neno la baba mezani na agizo la shule, na hakudai kwamba chuki yake iwe sheria ya Saksonia. Laiti wajumbe wote wa kamati za vitabu wangalitofautisha hivyo!

Lakini lililo zito zaidi katika agizo la 1528 ni jambo ambalo wasomaji wengi hulipita. Melanchthon aeleza kwamba wapo walimu wasiofundisha lolote kutoka katika Maandiko Matakatifu, na wapo wasiofundisha lolote ila Maandiko Matakatifu. Na kwamba wote wawili wasivumiliwe. Kisha aendelea. Siku ya mafundisho ya Kikristo watoto wafundishwe mambo ya msingi: Sala ya Bwana, Imani, Amri Kumi, zaburi zilizo nyepesi. Waelezwe Mathayo, na wakikua waongezewe nyaraka kwa Timotheo, waraka wa kwanza wa Yohana, au Mithali. Lakini mwalimu asiwatwishe Isaya, wala Waraka kwa Warumi, wala Injili ya Yohana. Wafanyao hivyo hutafuta sifa yao wenyewe. Yafaa tusimame hapa. Orodha ile ile inayomruhusu mvulana kusoma habari za miungu ya Ovidius inamzuia mwalimu asimfundishe Warumi, kitabu ambacho Matengenezo yote yalisimama juu yake. Warumi hakikuzuiwa kwa ubaya. Kilizuiwa kwa uzito, na kwa kumjua mwalimu. Swali la Wittenberg halikuwa kitabu kina umri gani, wala kina dhambi ngapi ndani yake. Lilikuwa: mtoto huyu aweza kubeba nini, na ni nani anayembebesha?

Jambo hilo ladhihirika tena katika habari ya Terentius. Johannes Cellarius alimwuliza Luther habari ya mwalimu mmoja wa Silesia aliyetaka wanafunzi wake waigize tamthiliya ya Terentius, na watu wakakwazika wakisema haiwapasi Wakristo. Luther alijibu kwamba wavulana wasizuiwe. Watapata mazoezi ya lugha. Na tena tamthiliya hizo zawachora watu vizuri, kila mmoja akumbushwe wajibu wake, mtumishi na bwana, kijana na mzee. Zaonyesha hila za watu wabaya, na vijana hujifunza namna ya kujihadhari. Zaonyesha pia jinsi wazazi wanavyopaswa kuwaongoza watoto wao hadi ndoa. Mtu akisema zina maneno machafu na mapenzi ya siri, basi kwa sababu hiyo hiyo asingeweza kusoma hata Biblia. Hayo ni majibu kwa Augustino, yakitoka kinywani mwa mtu aliyekuwa mtawa wa shirika lililoitwa kwa jina la Augustino. Hakuna mahali Luther anapodai kwamba Terentius ni msafi. Adai kwamba kijana aliyeuona mtego ukitegwa jukwaani ana nafasi ya kuutambua njiani.

Wala Luther hakuwa mtu wa kuachia kila kitu. Mwaka 1530, alipokuwa katika ngome ya Coburg akingoja habari za Augsburg, alianza kuzitafsiri hekaya za Aesop kwa Kijerumani. Kitabu cha Aesop kilichokuwa mikononi mwa watu kilichanganywa na visa vichafu, naye alikusudia kuviondoa ili baba wa nyumba aweze kukisoma mezani pamoja na mkewe, watoto na watumishi bila kuona haya. Alifika hekaya kadhaa tu akaiacha kazi. Twaona basi kwamba alikata katika Aesop na hakukata katika Terentius, na tofauti iko kwa msomaji: Aesop ni wa watoto wadogo na meza ya nyumbani, Terentius ni wa mvulana aliye karibu na utu uzima, ambaye mwalimu yu karibu naye.

Walikuwako baadaye waliotaka njia ya Apolinari. Cornelius Schonaeus, mkuu wa shule huko Haarlem, alitunga tamthiliya za habari za Biblia kwa Kilatini cha Terentius, na mkusanyo wake ukaitwa Terentius wa Kikristo. Shule nyingi zilizitumia, za Kikatoliki na za Kiprotestanti. Leo Terentius yu hai, na Schonaeus anajulikana kwa wataalamu peke yao.

Tusiisifu orodha ya 1528 kupita kiasi. Ina mapungufu mawili, na yote mawili yametugusa sisi. La kwanza ni lugha: iliagizwa kwamba walimu wafundishe Kilatini tu, si Kijerumani. Agano Jipya la Luther, kazi kubwa kuliko zote katika Kijerumani cha siku zile, lilikuwa limetoka mwaka 1522, na halimo. Fasihi ya lugha ya mama haikuhesabiwa kuwa elimu. La pili ni wasichana. Mwaka ule ule wa 1528 Johannes Bugenhagen aliutungia mji wa Braunschweig taratibu za Kanisa zilizoanzisha shule za wasichana, jambo la kumshukuru. Lakini wasichana wasome saa moja au mbili kwa siku: kusoma, Katekisimu, zaburi na nyimbo, hadithi za Biblia. Washairi hawamo. Kwa mvulana, mtego wa jukwaani. Kwa msichana, ambaye ndiye hasa aliyetegewa katika tamthiliya za Terentius, hakuna.

Warithi wa taratibu hizo walifika kwetu mwishoni mwa karne ya 19. Wamisionari wa Berlin walifika kaskazini ya Ziwa Nyasa mwaka 1891, na wa Leipzig Kilimanjaro mwaka 1893. Katika shule za vijijini walizozifungua, vitabu vilikuwa vya kusomea, Katekisimu, nyimbo na hadithi za Biblia. Ukiiweka orodha hiyo kando ya zile za 1528, utaona kwamba haifanani na ile ya Melanchthon. Yafanana na ile ya Bugenhagen. Mwafrika, mvulana kwa msichana, alipewa kitabu cha binti wa Braunschweig. Hatusemi hayo kwa kuwadharau waliotuletea kusoma na kuandika. Wengine wao waliheshimu sana hekima ya wenyeji. Bruno Gutmann alikusanya mafunzo ya wazee wa Kichaga, nayo yalichapishwa Ujerumani katika juzuu 3 kati ya 1932 na 1938, hazina kubwa ya maneno ya jando na ndoa. Ila yaliwekwa katika maktaba za wataalamu, hayakuingia katika darasa la Machame wala Marangu.

Huku nyuma serikali ya Waingereza ilikuwa ikichagua vyake. Frederick Johnson, aliyekuwa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha iliyoanzishwa mwaka 1930, alitafsiri Mashimo ya Mfalme Sulemani na Kisiwa chenye Hazina, na vizazi vya wanafunzi vilijifunza kusoma kwa vitabu hivyo. Vilikuwa vitabu vya kusisimua, kwa Kiswahili kizuri, vya Waingereza wakitafuta mali. Mashairi makuu ya pwani, ambayo wakati ule yalikuwa yakihaririwa na kina Alice Werner na William Hichens, Mwana Kupona mwaka 1934 na Al-Inkishafi mwaka 1939, yalihaririwa zaidi kwa ajili ya wasomi.

Baada ya uhuru mambo yaligeuka upesi. Rais Nyerere mwenyewe alitafsiri Julius Caesar ya Shakespeare mwaka 1963, na mwaka 1969 akatoa Mabepari wa Venisi, akionyesha kwamba Kiswahili chaweza kubeba kazi nzito ya zamani. Sheria ya Elimu ya 1969 iliziweka shule nyingi za makanisa mikononi mwa serikali, na Kanisa likabaki na seminari zake na sauti ndogo katika uchaguzi wa vitabu. Ndipo mwaka 1971 ikatoka riwaya ya Euphrase Kezilahabi, Rosa Mistika.

Wasomaji wetu wengi waijua. Rosa ni binti wa Ukerewe, mtoto wa baba mlevi anayemlinda kwa fimbo. Hakuna anayemweleza lolote. Anatoka kwa baba anaingia shule, anatoka shule anaingia chuo, na kila mahali watu waliopaswa kumlinda ndio wanaomharibu au wanaomwacha aharibike. Mwisho wake ni kujiua. Kitabu kilizuiwa mashuleni kwa muda, kikasomwa kwa siri, na baadaye kikaruhusiwa tena, hata kikaingia katika orodha za vitabu vya shule. Sababu iliyotajwa ni maadili. Hatukatai kwamba mna kurasa zinazomfanya mwalimu ashushe macho. Lakini yafaa kuuliza ni nani aliyeaibishwa na kitabu hicho. Si Rosa. Ni baba, ni mkuu wa chuo, ni mwanamume atakaye bikira na hali yeye si bikira. Watu wazima walikizuia kitabu kinachowashtaki watu wazima, wakasema wanawalinda watoto.

Tukilitumia jibu la Luther kwa mwalimu wa Silesia, Rosa Mistika ndiyo tamthiliya ambayo binti wa Braunschweig hakupewa. Yaonyesha mtego, na yaonyesha wajibu wa mzazi kwa kumchora mzazi aliyeukosa. Inamfaa nani? Si mtoto wa darasa la saba. Yamfaa msichana wa kidato cha tatu au cha nne, na zaidi mvulana anayekaa naye darasa moja, mradi mwalimu yupo. Mwalimu asipokuwepo, akakiacha kitabu na kuwapa wanafunzi vijitabu vya uchambuzi vinavyoorodhesha dhamira na wahusika kwa ajili ya mtihani, basi hata Mithali ya Sulemani haitawafaa kitu.

Na tenzi za kale je? Mwana Kupona binti Msham, mjane wa Siu, alitunga utenzi wake mwaka 1858 akiwa mgonjwa, amwusie bintiye. Amwambia habari za sala, adabu, usafi, utii kwa mume. Ni sauti ya Mwislamu, na pengine mjumbe wa bodi ya seminari atasema hapana nafasi yake kwetu. Hatusemi imani ya mama huyu ilingane na miungu ya Terentius, la hasha. Lakini Kanisa lililoweza kumfundisha Ovidius bila kumwabudu Jupita haliwezi kuuogopa usia wa mama anayemwomba Mungu mmoja. Ugumu uko kwingine. Utenzi unamtaka binti asichangamane na watumwa ila wakati wa kazi, na unamweka mke chini ya radhi ya mumewe kwa namna ambayo mchungaji wa leo asingeihubiri katika ibada ya ndoa. Hayo yafaa yasemwe darasani waziwazi.

Lakini uwekwe usia huo kando ya Rosa Mistika, kama Aesop alivyowekwa kando ya Mosellanus katika mchana mmoja, na jambo litaonekana ambalo kitabu kimoja peke yake hakiwezi kulionyesha. Binti wa Siu alikuwa na mtu wa kumwambia. Aliambiwa mengi, mengine tusingeyakubali, lakini mama yake aliketi akamwita, akamwambia alete wino na karatasi. Rosa aliambiwa kwa fimbo. Kijana akiulizwa ni yupi kati ya hao wawili aliyependwa, atajibu kwa haraka. Akiulizwa ni yupi aliyeandaliwa kwa dunia ya leo, atafikiri kidogo. Kipindi hicho kimoja cha kufikiri twakipa thamani kuliko ubishi wa kamati juu ya kale na kisasa.

Kwa miaka mingi baada ya muhtasari wa 2005, wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne nchini Tanzania walisoma zaidi vitabu vipya, kama Takadini na Kilio Chetu, na maandishi ya Shaaban Robert yakasubiri kidato cha tano na cha sita. Kilio Chetu, tamthiliya ya miaka ya 1990 juu ya UKIMWI na wazazi wasiotaka kusema na watoto wao, yabeba swali lile lile la Rosa, na katika shule nyingi za Kanisa ilifundishwa bila fujo. Maneno ambayo mwaka 1971 yalizuiwa yalikuwa yamekwisha kuwa mtihani wa taifa, baada ya ugonjwa kuwa umewazika wengi.

Kezilahabi alifariki mwaka 2020. Riwaya yake sasa ina zaidi ya miaka 50, na kijana anayeifungua leo hukutana na shule, barua na mabasi ya enzi ya babu na bibi yake. Erasmus naye alikuwa kitabu kipya mwaka 1528. Kamati zitakazokaa miaka ijayo zitaikuta Rosa Mistika katika fungu la kale, na huenda wakawako watakaodai iondolewe kwa kuwa haihusu maisha ya leo.